Mtungi wa Bernadetha

Ugalla, Mpanda
21 Septemba 1997

Mke wangu mdogo Skolastika,

Kaa chini kwanza usije ukaanguka. Nimetengeneza divai. Divai kabisa, siyo maji ya matunda. Padri alipopita huku kusoma misa nikamkaribisha, akanywa vikombe viwili, akafumba macho, akasema, "Mzee Damiano, tangu nipewe upadri sijaonja kitu kama hiki." Waambie hao wanaokufundisha huko Dodoma wafunge mashamba yao, wakalime karanga.

Naona nimejisifu kabla ya salamu. Haya, hujambo? Kifua kimepona? Ugali wa uwele umeshauzoea? Sisi huku tunaendelea, mengine nitayasema chini.

Na hiyo ya padri ni uongo. Aliinusa tu akanirudishia kikombe, akaniambia itafaa kwenye kachumbari. Nikampa mbuzi, mbuzi akaniangalia kama ananijua vizuri.

Sasa nieleze, wewe uliyesoma. Yale matawi ya mzabibu uliyonitumia mwaka juzi kwa mkono wa fundi wa reli nimeyalea kuliko nilivyomlea mama yako. Samadi nimeyapa. Maji asubuhi, maji jioni. Majani yametoka mapana kama sahani za harusi, yamefunika mpaka paa la jiko. Zabibu zenyewe vichala vitatu, kali, hata nyani wamezitema. Kosa liko wapi?

Mke mwenza wako Bernadetha ananicheka. Anasema, "Mwambie huyo mtoto divai ya kwetu haipandwi, inatundikwa mtini." Anacheka mpaka anakohoa, na siku hizi akianza kukohoa haachi. Miguu nayo imevimba. Tulimpeleka Mpanda, wakampa vidonge, akarudi akapika wanzuki, pombe yake ya asali, siku hiyohiyo, kichwa kigumu.

Anataka uje kabla ya Krismasi akuonyeshe mtungi wake. Wewe ni mjukuu wake wa kwanza wa kike, ni kazi yako kurithi. Mama yako mkono wake hauchachushi kitu, na mimi ninachojua ni kunywa. Njoo, Skola. Hili silisemi kwa utani.

Mumeo mzee,
Babu Damiano

*

Dodoma
19 Oktoba 1997

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona, na uwele nimeuzoea. Pole na divai yako. Mpe pole mbuzi pia.

Barua yako niliisoma shambani, nikamsomea na Bruda Siméon, yule mzee wa Burundi anayetufundisha. Alicheka hadi akavua miwani. Amesema umeuua mzabibu kwa huruma. Mzabibu ukishiba unasahau kuzaa, unabaki kujipamba majani tu. Unataka kiu. Hapa kwetu ardhi ni mchanga mwekundu na mvua ni ya kuhesabu, mizizi inahangaika chini kutafuta maji, na mti unapoona maisha magumu ndipo unaweka sukari kwenye tunda. Huko Ugalla mvua ni nyingi na udongo ni mnono. Kwa hiyo acha kumwagilia, pogoa mpaka uone aibu, lakini usitegemee sana.

Bruda anatufundisha habari za zamani. Anasema watu walianza kuchachusha zabibu kabla hata ya Ibrahimu, wakizika mitungi ardhini mpaka shingoni ili ipate ubaridi. Baadaye huko Ulaya watawa wakashika kazi kwa ajili ya misa. Walipanda mche mmoja pande mbili za kilima kimoja, na divai ikatoka mbili tofauti: upande wa jua la asubuhi laini, upande wa pili kali. Walikaa miaka mingi wakionja tu, wakaweka kuta kugawa shamba kwa ladha. Hapa Dodoma pia miche ililetwa na mapadri. Bruda anasema mche ni mgeni, lakini ladha ni mwenyeji.

Nilipoandika hayo kwenye daftari nilimkumbuka Bibi. Yeye hakusoma, lakini akionja asali alijua imetoka maua ya mti wa mtundu au ya muba, na nyuki walikunywa maji ng'ambo ipi ya mto.

Mwambie nakuja. Kupogoa kutakwisha katikati ya Desemba, nitapanda treni siku hiyohiyo. Aupumzishe mtungi, na yeye mwenyewe apumzike.

Wako mtiifu,
Mjukuu na mke mdogo, Skolastika

*

Ugalla, Mpanda
9 Februari 1998

Skolastika mjukuu wangu,

Salamu. Leo sikuiti mke.

Najua ulikwama. Tulisikia redioni reli imezolewa na maji, na huku kwetu tuta limeondoka, mataruma yananing'inia hewani kama ngazi. Hakuna treni tangu Desemba. Barua hii inapitia kwa dereva wa lori anayesema atafika Tabora akijaliwa.

Bibi yako ametutoka tarehe nne ya Januari, mchana, mvua ikinyesha. Alikuwa ameulizia kama umefika. Nikamwambia uko Kaliua, unangoja tope likauke. Sijui kama aliamini, alinijua sana. Tulimzika kwenye kichuguu nyuma ya nyumba kwa sababu kwingine kote shimo lilijaa maji.

Mama yako na wanawake wa ukoo walikaa hapa siku zote za msiba. Wamefanya kila kitu vizuri: wameosha nguo zake, vyungu vyake, kila alichogusa, wakaanika juu ya paa jua lilipojitokeza.

Sasa sikiliza, maana hili ulikuwa mdogo hukuliona. Kwetu tanga la mwanamke mpikaji linaondolewa kwa pombe yake. Mjukuu wa kwanza wa kike anaipika kwa asali ya mizinga ya nyumba hii, kwenye mtungi wa marehemu. Siku hiyo watu wanakusanyika kaburini. Mfiwa ndiye anayeonja wa kwanza. Kama ladha ni ya marehemu, anasema mbele ya wote, "Ndiye." Basi, mmeagana naye, anamiminiwa, watu wanakunywa, mfiwa ananyolewa. Kama siyo, tanga linaendelea.

Mpaka siku hiyo mimi sinyoi, siketi na wanaume kilabuni, na mizinga siigusi, kwa sababu nyuki hawapendi mtu mwenye harufu ya msiba. Nyegere wanapita huko porini wanakula jasho langu, nami niko hapa nywele zimesimama kama nyasi. Apolinari, mdogo wangu, amesema atarina asali kwa niaba yangu ikifika Juni. Njoo wakati huo. Wewe ndiye wa kunifungua.

Babu yako, Damiano

*

Dodoma
22 Machi 1998

Babu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Imekaa njiani wiki sita. Nimeisoma nimesimama, halafu nikaenda kukaa katikati ya mizabibu mpaka Bruda Siméon akanifuata.

Pole, Babu. Nilikuwa Tabora tarehe nne ya Januari. Nilikaa stesheni na begi langu siku nyingi, tukaambiwa turudi. Bibi anipokelee udhuru wangu.

Huku nako mvua imetuharibia. Zabibu zimejaa maji hadi zinapasuka, ukungu umeingia. Tunavuna zilizobaki, na divai itakuwa nyepesi kama maji ya kunawia. Bruda anasema tutaitengeneza hivyohivyo, kwa sababu kila mwaka una haki ya kuonjwa.

Nakuja Juni. Nitaleta na chupa za divai ya mwaka jana, ile nzuri, kama wanzuki haitatosha watu.

Mjukuu wako, Skolastika

*

Ugalla, Mpanda
10 Mei 1998

Skola,

Hujambo? Mimi sijambo, nywele ndizo haziko sawa, juzi kuku alijaribu kutagia.

Divai yako iache hukohuko. Au uje nayo nitakunywa peke yangu kwa siri, lakini kaburini hapana. Unataka bibi yako aamke ajikute Ugogo? Marehemu anajua kwao kwa ulimi. Atapewa maua ya hapa, maji ya mto huu na moshi wa kuni hizi.

Apolinari amechungulia mizinga. Asali ipo, ila mvua imepiga maua, kwa hiyo ni nyembamba, inamwagika kama chai. Tutafanyaje. Wewe njoo tu. Treni imeanza tena.

Babu

*

Ugalla, Mpanda
5 Julai 1998

Mjukuu wangu Skolastika,

Natumaini ulifika salama. Nasema natumaini kwa sababu sikukuona ukiondoka. Niliamka nikaambiwa umepanda lori la mbao alfajiri. Hukuniaga.

Najua kwa nini. Ulisafiri siku tatu, ukapika siku tano, ukalala karibu na mtungi kama mtu anayeuguza. Ulipoona hauchemki ukatia ile hamira uliyokuja nayo ya zabibu, nikakuona, nikakuacha, nilidhani unajua. Ikachemka. Ikatoka safi, inang'aa, Apolinari akasema hajawahi kuona wanzuki unayoweza kuonea uso. Watu wakajaa kaburini. Ukanipa kata kwa magoti yote mawili. Nikaonja.

Nikasema, "Siyo."

Wakaanza kunong'ona kwamba shule imekuharibu mkono. Uliinamisha kichwa. Mama yako akanifuata jikoni, "Baba, umedanganya maisha yako yote, leo umeshindwa uongo wa neno moja?"

Ni kweli, nimedanganya. Nimemdanganya padri, nimemdanganya karani wa ushuru, bibi yako nilimdanganya hata siku ya kumposa, nikasema nina ng'ombe. Sasa nikae juu ya kichwa chake nimdanganye na huko? Kile kinywaji kilikuwa kitamu, Skola. Ningekinywa mwaka mzima. Ila hakikuwa mtu ninayemjua. Kuna mahali nyuma ya ulimi wanzuki ya bibi yako ilikuwa inafinya, kama yeye mwenyewe anakufinya ukisema ovyo mbele ya wageni. Nilingoja kufinywa. Sikufinywa.

Apolinari amesema itajaribiwa tena Oktoba na asali iliyobaki. Ikishindikana hapo, ni mpaka mwakani. Mimi mwakani siufahamu. Nikifa hivi nitazikwa na nywele zangu, mfiwa, na huko niendako atanikuta mlangoni bado namlilia. Ataniona mjinga.

Niandikie hata tusi.

Babu yako, Damiano

*

Ugalla
8 Agosti 1998

Skola,

U mzima? Katekista anasema posta ya Mpanda hakuna barua yangu. Namwambia labda hakuangalia vizuri.

Babu

*

Dodoma
30 Agosti 1998

Babu,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Ninazo tangu siku zilipofika.

Nilikasirika, sitaficha. Bibi alikufa akiniulizia, nikaja kumpikia, nikaaibishwa kaburini kwake mbele ya wajomba. Niliwaza, huyu ni Babu, mtu wa utani, angeniokoa kwa neno moja. Njia nzima mpaka Tabora sikula.

Lakini jambo moja halikuniacha. Kwa nini mtungi haukuchemka? Nilifuata kila kitu nilichomwona Bibi akifanya nilipokuwa mtoto. Asali, maji ya uvuguvugu, sega lenye chavua ndani. Kwa joto lile ulipaswa kuchemka siku ya pili. Nikamweleza Bruda Siméon. Akaniuliza, "Mtungi wenyewe ulikuwaje ndani?" Nikasema ulikuwa safi sana, mweupe. Akaweka chini mkasi wake.

Babu, wewe uliandika kwamba wanawake waliosha kila alichogusa. Nimemwandikia mama kumuuliza. Amejibu: mtungi waliusugua kwa jivu, wakaumwagia maji ya moto, wakauanika juani, ili mauti yatoke. Walifanya kwa heshima. Lakini chachu ya Bibi ilikuwa inaishi kwenye ule utando mweusi ndani ya mtungi. Yeye hakuuosha hata siku moja, alisuuza tu kwa maji baridi. Ule utando ulikuwa na miaka mingi kuliko mama. Ndiyo uliokuwa unakufinya. Tuliuosha pamoja na kifo.

Huku watu wa divai wanalijua hilo. Udongo unatoa sehemu ya ladha, mvua inatoa nyingine, na inayobaki ni ya hao wadudu wasioonekana wanaokaa kwenye pipa na kuta za nyumba. Wakifa, huwezi kuwanunua.

Kwa hiyo ulisema kweli. Hakuwa yeye. Bado inaniuma, lakini ulisema kweli.

Sasa nakuuliza jambo moja, fikiri vizuri. Je, Bibi aliwahi kumpa mtu machicha ya mtungi wake, yale mashapo yenye chachu? Hata zamani. Kama kuna mtungi mwingine uliozaliwa na huo, na mwenyewe anaendelea kupika, Bibi hajaisha.

Oktoba siwezi kuja, mavuno ya pili hayajakwisha na Bruda ni mgonjwa. Lakini wapo wanawake. Wakipika kwa chachu yake, ni yeye anayepika, mimi nimepisha.

Mjukuu wako, Skolastika

*

Ugalla, Mpanda
25 Oktoba 1998

Mke wangu mdogo,

Marahaba, na pole kwa Bruda. Mwambie mzee mwenzake anamwombea, ingawa maombi yangu sijui yanafika wapi.

Barua yako nilisomewa na katekista, kisha nikaisoma mwenyewe kwa kidole. Ulipouliza nani alipewa machicha, nilijua kabla sijafika mwisho wa mstari. Nikaiweka chini nikaenda kuangalia mbuzi, ili nisijue.

Ni Nyanzala. Yule Msukuma, mke wa Masele, wanaokaa kule mbugani. Walipofika na ng'ombe wao hawana hata kibanda, bibi yako aliwapelekea mtungi mdogo na machicha ndani, akawaambia, mgeni bila pombe ni mkimbizi. Miaka ikapita, Masele akakata miyombo kujenga zizi, na mizinga yangu ilikuwa juu. Tangu hapo sikuwasalimia. Nilitunga na wimbo juu ya kichwa cha Masele, unaujua, watoto wote wa Ugalla wanaujua. Bibi yako aliendelea kwenda kwao akisema anatafuta kuni. Mimi nilijifanya siuoni mzigo usio na kuni.

Nimekwenda, Skola. Kwa miguu, na nywele hizi. Nimemkuta anakamua. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akaitika bila kugeuka, "Mwangaluka. Umekuja kuimba?"

Nikasema hapana, nimekuja kuomba.

"Unaomba nini, wewe mwenye kila kitu?"

"Bernadetha," nikasema. Nilitaka kusema chachu ya Bernadetha, sehemu ya mbele haikutoka.

Aliacha ng'ombe. Akanikalisha kwenye kigoda. Masele akatoka ndani, tukaangaliana, akasema, "Mzee, ule wimbo ubeti wa pili siyo wa kweli." Nikakubali, siyo wa kweli. Akaondoka zake, basi, yakaisha hivyo. Wanaume tukizeeka tunachoka hata ugomvi.

Nyanzala akaniletea mtungi. Mweusi ndani kama koo la chungu cha dagaa. Akasema, "Huyu hajaoshwa. Mama Bernadetha alinikataza." Lakini akanionya: yeye amekuwa akipikia asali ya migunga ya kule mbugani, maua mengine, maji ya kisima chenye chumvi. Alisema, "Ametembea sana, mzee. Sijui kama atakujua."

Akaja mwenyewe kupika, na mama yako akamshikia kuni. Asali ya Apolinari, ile nyembamba, maji ya mto, machicha yake. Siku ya pili mtungi ukaanza kusema. Nilikaa nje ukutani nasikiliza, nisiingie.

Jana watu wamekusanyika. Wachache kuliko Juni. Wamechoka na mimi. Mama yako akanipa kata kwa niaba yako. Nikaonja.

Kwanza maji. Mwaka huu wote uko mle, mvua yote ile. Utamu mdogo, umepita haraka. Halafu chumvi kidogo ya mbugani, mgeni. Nikasema moyoni, basi, mpaka mwakani, au mpaka kaburini. Nikameza. Na nilipokwisha kumeza, kule nyuma, pembeni, Skola, nikafinywa. Kidogo. Kama mtu mwenye homa anayekufinya na vidole havina nguvu.

Apolinari akaniuliza, "Kaka, ni yeye?" Sikuweza. Akauliza tena. Mdomo huu ambao umenipatia kesi tatu baraza la kijiji ulifungwa kama umeshonwa. Nyanzala akashindwa kuvumilia, "Sema basi, mzee! Siku zote unasema hata yasiyoulizwa!"

Ndipo nikasema, "Ndiye. Amekonda, lakini ndiye."

Hakuna aliyecheka. Apolinari akachukua kata akammiminia, ardhi ikanywa mara moja, maana sasa ni kiangazi. Wanawake wakapiga vigelegele, vile vya chini, vya msibani. Mimi nikakaa pale kichuguuni. Wamenyoa kichwa changu nikiwa nimekaa palepale, nywele zimeangukia kaburi, nimeziacha.

Leo ninaandika kichwa kinapigwa baridi. Kesho nakwenda mizingani. Apolinari anataka kunisindikiza, nimemkatalia. Nyumba ni kubwa, nimegundua. Nilipokuwa mfiwa ilijaa watu wa kuniangalia. Sasa nimefunguliwa, kila mtu amekwenda kwake, kwa haki kabisa. Kumuaga mtu ndiko huku, kumbe. Nilidhani tukishaagana naye nitapata nafuu. Nimepata kimya.

Nyanzala amegawa machicha, nusu yamerudi kwenye mtungi wa bibi yako. Nimewakataza wote kuugusa na maji ya moto. Unakungoja, umeanza kupata weusi upande mmoja. Ukipika humo wewe, kwa asali ya mwaka wako, hautakuwa yeye tena kabisa, utakuwa wewe. Bruda wako amesema kila mwaka una haki yake. Sibishani naye.

Sasa kuna deni. Mwezi wa Juni ulitoka kwangu alfajiri bila kuniaga, na babu huagwa. Sikudai chochote kingine, wala usije kukaa. Mavuno yakiisha panda treni, ufike mlangoni, useme, "Babu, naondoka." Mimi nitasema, "Nenda salama." Halafu ukitaka geuza palepale urudi Dodoma.

Mumeo mzee aliyenyolewa,
Babu Damiano